Heinrich Hertz (1857–1894)

Alizaliwa Hamburg, Ujerumani. Kabla ya majaribio yake, mawimbi ya sumakuumeme yalijulikana kwa hesabu za James Clerk Maxwell tu. Kati ya 1886 na 1888, akiwa Karlsruhe, Hertz aliyathibitisha: cheche kwenye antena moja ilisababisha cheche ndogo kwenye kitanzi cha waya ambacho hakikuunganishwa nayo. Alionyesha pia kwamba bati la zinki huyaakisi mawimbi hayo. Hapo ndipo ulipo msingi wa rada. Yeye mwenyewe hakuyaonea faida yoyote, akafariki akiwa na miaka 36. Leo minara ya simu ya Tunduma na rada ya Uwanja wa Ndege wa Songwe hutumia mawimbi hayohayo.

Kumbuka: hertz ni kizio cha idadi ya mitetemo kwa sekunde.