Salvador Sanchez: Bingwa ambaye hakupiga vibonde

REKODI ya bondia ni kama msimamo wa ligi. Ukiangalia pointi tu bila kuuliza zimetoka kwa nani, unadanganyika mchana kweupe. Kwenye uzito mdogo wapo mabondia wenye ushindi 30 na KO 30, lakini ukifungua orodha ya waliopigwa unakuta vibonde watupu.

Sasa chukua karatasi ya Salvador Sanchez wa Mexico. Mapambano 46, kashinda 44, kati ya hayo 32 hayakufika mwisho. Kapoteza moja, sare moja. Ni namba nzuri, ila wapo wengi wenye namba kubwa kuliko hizo. Utamu wa rekodi yake uko kwenye majina.

Sanchez alizaliwa Januari 26, 1959 kwenye mji wa Santiago Tianguistenco. Alianza ngumi za kulipwa mwaka 1975 akiwa na miaka 16, umri wa mchezaji wa timu ya vijana. Kama ilivyo kwa mabondia wengi, mapambano yake ya mwanzo yalikuwa ya kujengea jina, nayo hayawezi kupewa uzito mkubwa.

Septemba 1977, akiwa na miaka 18, aliingizwa kugombea taji la taifa la uzito wa bantam dhidi ya Antonio Becerra. Akapoteza kwa pointi, majaji wakiwa wamegawanyika. Mwaka uliofuata akatoka sare na Juan Escobar. Baada ya hapo hakuna mtu aliyemzuia tena kushinda.

Anayesoma rekodi kwa haraka ataliona pambano la Becerra kama doa. Lakini kijana wa miaka 18 kupoteza kwa tofauti ndogo kwenye pambano la ubingwa wa Mexico si aibu hata kidogo. Wapo walioficha sifuri yao kwa miaka mingi kwa sababu tu hawakuwahi kukutana na mtu wa aina hiyo.

Februari 2, 1980 mjini Phoenix, Marekani, Sanchez alipanda ulingoni kuutaka mkanda wa WBC uzito wa unyoya, ambao kikomo chake ni kilo 57. Bingwa alikuwa Danny Lopez, jamaa mwenye ngumi nzito, aliyekwenda hadi Accra mwaka 1976 kumpokonya mkanda huo Mghana David Kotei mbele ya watu wake. Lopez alikuwa ameutetea mara nane. Sanchez alimchapa hadi refa akasimamisha pambano raundi ya 13. Miezi minne baadaye wakarudiana Las Vegas, Lopez akasimamishwa tena, safari hii raundi ya 14.

Kuanzia hapo Sanchez aliutetea mkanda mara tisa ndani ya miaka miwili na nusu. Siku hizi bingwa akipigana mara mbili kwa mwaka anaonekana kachapa kazi.

Pambano kubwa kuliko yote lilikuja Agosti 21, 1981 Las Vegas. Mpinzani alikuwa Wilfredo Gomez wa Puerto Rico, bingwa wa uzito wa chini kidogo, aliyepanda kuufuata mkanda wa pili. Rekodi ya Gomez ilikuwa ya kutisha: mapambano 33, ushindi 32, wote kwa KO, na sare moja tu aliyoanza nayo. Kwa namba tupu, Gomez alikuwa mbele, na wengi walimpa yeye ushindi.

Raundi ya kwanza tu Gomez alikuwa chini. Akainuka, akapambana kiume, lakini uso ulivimba na macho yakaanza kufunga. Raundi ya 8 kazi ikaisha. KO 32 hazikumsaidia kitu mbele ya mtu aliyejua kupiga huku anarudi nyuma.

Si kwamba karatasi ya Sanchez haina maswali. Patrick Ford wa Guyana alimbana kweli hadi raundi ya 15. Pat Cowdell wa Uingereza, mshindi wa medali ya shaba ya Olimpiki ya 1976, alipoteza kwa majaji waliogawanyika, tena baada ya kuangushwa raundi ya mwisho. Halafu lipo la Eusebio Pedroza wa Panama, bingwa wa WBA wa uzito huohuo na zama hizohizo. Wawili hao hawakuwahi kukutana, na pengo hilo halizibiki.

Julai 21, 1982 Sanchez alikuwa New York, ukumbi wa Madison Square Garden. Mpinzani aliyepangwa alijitoa, akaletwa Mghana ambaye Marekani wengi hawakumjua, mwenye mapambano 13 tu. Jina lake Azumah Nelson. Siku ile ilionekana Sanchez kapewa mteremko. Kumbe alikuwa na vita. Azumah alianguka raundi ya 7, akainuka na kuendelea kurusha makonde hadi raundi ya 15, ndipo refa akamaliza.

Lilikuwa pambano la mwisho la Sanchez. Agosti 12, 1982, siku 22 baadaye, gari lake aina ya Porsche liligongana na lori barabarani nchini Mexico alfajiri. Alifia hapo. Alikuwa na miaka 23, yuko kambini kwa pambano jingine, na bado ni bingwa.

Kipimo cha kweli cha rekodi yake kilikuja baada ya mazishi. Mkanda ulioachwa wazi aliuchukua Juan LaPorte, ambaye Sanchez alimshinda kwa pointi mwaka 1980. Machi 1984 LaPorte akapokonywa na Gomez. Desemba mwaka huohuo Azumah akaenda San Juan, nyumbani kwa Gomez, akamwangusha kwa KO raundi ya 11. Yaani mabingwa watatu mfululizo waliomfuata Sanchez, wote alikuwa kashawapiga.

Sanchez aliingizwa kwenye Jumba la Mashujaa wa Ngumi la kimataifa mwaka 1991. Gomez alimfuata 1995, Azumah 2004 na Danny Lopez 2010. Watatu hao wote wamo kwenye karatasi moja ya kijana wa miaka 23, na wote upande wa waliopoteza.