MAISHA YA SHEIKH IBN NAFIS, TABIBU ALIYEIJUA NJIA YA DAMU YA MOYO

Miongoni mwa wanazuoni wa Kiislamu waliowaachia watu elimu yenye kufaa ni Sheikh Alaudin Ali bin Abil-Hazm Al-Qarshi, ajulikanaye kwa jina la Ibn Nafis. Alikuwa mwanachuoni wa sheria katika madhehebu ya Imam Shafii, ndiyo madhehebu yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika ya Mashariki na wa miji ya bara hata Iringa. Pamoja na hayo alikuwa mkuu wa matabibu wa Misri katika zama zake. Yeye ndiye wa kwanza ajulikanaye kuandika kwa usahihi jinsi damu ipitavyo baina ya moyo na mapafu; na mtu asiyeijua njia hiyo hawezi kuyatambua maradhi mengi ya moyo, sembuse kuyatibu.

KUZALIWA KWAKE NA KUSOMA KWAKE

Alizaliwa katika nchi ya Sham karibu na mwaka 610 wa Hijra, yaani 1213. Akasoma utabibu katika mji wa Damascus, katika hospitali aliyoijenga Sultani Nuruddin Zanki mwaka 1154. Mwalimu wake alikuwa Muhadhabudin Ad-Dakhwar, tabibu mashuhuri wa wakati ule. Wanafunzi wa hospitali ile hawakujifunza vitabuni tu, bali walifuatana na mwalimu kwa wagonjwa, wakamtazama avyoshika mshipa wa mkono, avyouliza maswali na avyoamrisha dawa; kisha wakaketi kusoma na kujadiliana.

Alipokwisha hitimu alihamia Misri, akakaa Cairo hata mwisho wa umri wake. Huko aliwatibu watu, akafundisha utabibu, na katika madrasa ya Masruriya akasomesha fiqhi. Hakuona kuwa elimu moja yamzuia nyingine. Jina lake limo katika vitabu vya habari za matabibu, na limo vile vile katika tabaka za wanazuoni wa Kishafii.

YALIYOAMINIWA KABLA YAKE

Tangu zama za Jalinusi, tabibu wa Kiyunani aliyeishi katika karne ya pili baada ya Nabii Isa, matabibu wote walishika kauli moja. Walisema kuwa damu hutoka chumba cha kulia cha moyo ikaingia chumba cha kushoto kwa kupenya vitundu vidogo visivyoonekana, vilivyomo katika ukuta wa katikati. Sheikh Ibn Sina, aliyekufa mwaka 1037, aliifuata kauli hiyo katika kitabu chake cha Kanuni, na kitabu hicho ndicho kilichokuwa tegemeo la matabibu wa mashariki na magharibi. Basi kauli ile ikakaa zaidi ya miaka elfu bila ya mtu kuipinga.

ALIYOYASEMA JUU YA MOYO

Ibn Nafis alipokuwa bado kijana wa miaka kama 29, aliandika sherehe ya mambo ya viungo yaliyomo katika Kanuni. Nakala moja ya sherehe hiyo ina tarehe ya mwaka 1242. Humo alimheshimu Ibn Sina kama mwanafunzi amheshimuvyo mwalimu, lakini palipokosekana hoja hakunyamaza. Alieleza kuwa ukuta wa katikati ya moyo ni mnene, wala hauna vitundu vyenye kuonekana kama walivyodhani wengine, wala vitundu vya siri kama alivyodhani Jalinusi. Kwa hiyo damu haina budi kutoka chumba cha kulia, ikaenda mapafuni kwa mshipa mkubwa, ikachanganyika huko na hewa, kisha ikarudi kwa mshipa mwingine hata chumba cha kushoto, na hapo ndipo ienezwapo mwilini.

Tena alimkhalifu Ibn Sina katika mambo mawili mengine. Ibn Sina alihesabu vyumba vitatu ndani ya moyo. Ibn Nafis akasema ni viwili tu. Ibn Sina alisema kuwa moyo hulishwa na damu iliyomo ndani ya vyumba vyake; yeye akasema kuwa hulishwa na damu ipitayo katika mishipa iliyoenea ndani ya nyama ya moyo wenyewe. Mishipa hiyo ndiyo izibapo leo mtu akashikwa na maumivu makali ya kifua, na pengine akafa kwa ghafula.

Katika utangulizi wa kitabu chake alitaja kuwa sheria na huruma yake vilimzuia kupasua maiti. Alitegemea yaliyoandikwa na waliomtangulia juu ya sura ya viungo. Ama kazi ya kila kiungo aliitafuta kwa kufikiri na kupima hoja. Wala haifai kumzidishia sifa isiyo yake: mzunguko wa damu katika mwili mzima haukuelezwa mpaka alipotokea William Harvey wa Uingereza, aliyetoa kitabu chake mwaka 1628. Katika Ulaya Michael Servetus alikwisha andika juu ya njia ya mapafu mwaka 1553, na Realdo Colombo mwaka 1559, zaidi ya miaka 300 baada ya Ibn Nafis. Na sherehe yake ilikaa katika maktaba bila ya kutazamwa, hata tabibu wa Kimisri, Muhyidin At-Tatawi, alipoiona katika maktaba ya Berlin na kuidhihirisha mwaka 1924.

TABIA YAKE

Katika kutibu hakupenda kuwatwisha wagonjwa dawa nyingi. Ilipowezekana kutibu kwa chakula hakutoa dawa, na ilipotosha dawa moja hakuchanganya mbili. Husimuliwa kuwa siku moja alikuwa akioga hamamuni, akatoka katikati ya kuoga, akataka wino na karatasi, akaandika risala nzima juu ya mapigo ya mshipa. Alipoimaliza akarudi kumaliza kuoga. Alianza pia kitabu kikubwa cha utabibu alichokusudia kifike majuzuu 300, na alipokufa yalikuwa yamekwisha andikwa kwa usafi majuzuu 80.

KUFA KWAKE NA WAKFU WAKE

Mwaka 1284 Sultani Qalawun alimaliza kujenga Cairo hospitali kubwa iitwayo Mansuri, akaiwekea wakfu ili watibiwe tajiri na maskini, mwanamume na mwanamke. Ibn Nafis alikuwa mzee wakati huo. Mwaka 687 wa Hijra, yaani 1288, aliugua siku chache. Matabibu wenziwe wakamshauri anywe mvinyo kidogo kuwa dawa. Akakataa, kwa kuchukia kukutana na Mola wake na mvinyo ungali tumboni mwake. Akafa siku ya Ijumaa katika mwezi wa Dhulkaada, naye amekaribia miaka 80. Nyumba yake na vitabu vyake vyote alikwisha vifanya wakfu kwa hospitali ya Mansuri. Mwenyezi Mungu amrehemu.

FAIDA YA ELIMU YAKE KWA WAGONJWA WA LEO

Aliyoyasema Ibn Nafis ndiyo mizani ya kuyajua hata maradhi ya moyo yaliyo adimu. Ikiwa ukuta wa katikati kwa mtu mzima wa afya hauna tundu, basi tundu likionekana ni ugonjwa. Wako watoto wazaliwao na tundu hilo. Wengine huzaliwa na tundu pamoja na wembamba wa njia iendayo mapafuni. Damu yao hukosa kupita mapafuni kama ipasavyo, ikaenea mwilini bila ya kupata hewa, na midomo na kucha zao zikawa za samawati. Mtoto wa namna hiyo hakurogwa wala hakupatwa na shetani. Damu yake imepotea njia.

Uganda nayo ilitoa habari ya ugonjwa mwingine. Mwaka 1948 Dakta J. N. P. Davies wa Kampala aliandika juu ya wagonjwa ambao utando wa ndani wa moyo wao umekuwa mgumu kama kovu, moyo ukashindwa kujaa damu. Mgonjwa wa hivyo pengine huvimba tumbo kwa maji, watu wakadhani ni ini, kumbe asili yake ni moyoni. Na maradhi ya moyo yapatayo vijana wengi zaidi huanza kwa maumivu ya koo yasiyotibiwa, yakafuatiwa na homa ya viungo, kisha milango ya moyo ikaharibika. Na koo hilo hutibika mapema kwa penisilini.

Kwa hiyo mzazi wa Mlandege, mjini Iringa, amwonapo mwanawe akichoka anaponyonya, hanenepi, anahema haraka au anageuka rangi midomo, asingoje wala asizunguke kwa waganguzi. Ampeleke hospitali ya mji asikilizwe moyo. Ikibidi, atapelekwa Dar es Salaam, mwendo wa kiasi cha kilomita 500, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoanzishwa Muhimbili mwaka 2015. Huko moyo huonekana ukipiga kwa mashine ya mawimbi ya sauti, na damu hutazamwa ikipita. Matundu mengine huzibwa kwa kupasua kifua, na mengine kwa mrija mwembamba upitishwao katika mshipa wa paja.

Katika maisha ya Sheikh huyu yamo mambo mawili ya kuigwa. La kwanza, kuwaheshimu waliotangulia si kuyakubali yote waliyoyasema, bali ni kuipokea elimu yao na kuipima. La pili, elimu iliyofichwa sandukuni haimfai mgonjwa, na mali iliyowekwa wakfu kwa kutibu watu humfaa mwenyewe baada ya kufa kwake.