Ludwig Krapf na Tembo la Minazi ya Bara

Wanafunzi wa isimu humfahamu Johann Ludwig Krapf kwa sarufi na kamusi yake, na wale wa historia humkumbuka kwa safari zake. Upande mmoja wa maisha yake haujatazamwa sana, nao ni uhusiano wake na tembo la mnazi, kinywaji alichokilaumu kama mhubiri lakini ambacho msamiati wake ulipita mikononi mwake kama mtunzi wa kamusi.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari, 1810, katika kijiji cha Derendingen karibu na mji wa Tübingen, nchi ya Württemberg, Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Bonde la mto Neckar, alikokulia, ni bonde la mizabibu, na mtoto wa huko hukua akijua kuwa divai ni kitu cha kuwekwa. Ustadi wa Ulaya wa kuweka divai umefika mbali sana katika ile ya Port, itokayo bonde la Douro nchini Ureno. Huko mizabibu mikongwe huthaminiwa kwa sababu huzaa zabibu chache zenye ladha nzito. Divai ya mwaka bora hutiwa pombe kali ili isiendelee kuchachuka, hufungwa chupani baada ya miaka miwili hivi, kisha hulazwa gizani kwa miaka ishirini au zaidi kabla ya kuonjwa. Kwa hao, wakati ni rafiki wa kinywaji.

Baada ya kusomea Basel na Tübingen, Krapf alitumwa Uhabeshi na chama cha kimisionari cha Uingereza, CMS, akaishi huko tangu 1837 hadi 1842. Alipozuiwa kurudi alielekea kusini pamoja na mkewe, Rosine. Walifika Unguja mwanzoni mwa 1844, wakapata barua ya Sayyid Said, na katikati ya mwaka huo walikuwa wamekwisha kukaa Mombasa. Homa haikuwapa nafasi. Rosine alifariki tarehe 13 Julai, 1844, na mtoto wao mchanga akamfuata baada ya siku chache. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani. Marehemu hao wawili walivushwa maji, wakazikwa upande wa bara, Kisauni, katika sehemu ambayo leo inaitwa Nyali. Hivyo mgeni huyu alikuwa na kaburi barani kabla hajawa na nyumba huko.

Bara hiyo, kuanzia Likoni hadi Kisauni, na kutoka Changamwe kupanda hadi Rabai, ni nchi ya minazi, na mnazi una njia mbili za kumfaa mwenyewe. Ukiachwa, huzaa nazi kwa miaka sitini na zaidi. Ukigemwa, hutoa tembo, lakini karara linalogemwa halitazaa nazi tena. Mgema hupanda alfajiri na jioni kwa vidato vilivyochongwa shinani (mwanafunzi wa kidato cha nne huenda asijue kuwa anatajiwa ngazi ya mgema), akakata kipande chembamba cha ncha ya karara kwa kotama, akatungika kibuyu chini yake. Asubuhi tembo ni tamu na halijalevya sana. Kufikia jioni linatoa povu. Kesho yake ni kali, na likipita hapo limekuwa siki. Hakuna ghala liwezalo kulisaidia. Mwonjaji wa tembo hana budi kujua saa ambayo kibuyu kiliteremshwa, kama vile mwonjaji wa Port anavyopaswa kujua mwaka. Aidha, kwa desturi ya Wamijikenda, anayelileta hulionja kwanza mbele ya wenzake, ili waamini kuwa halikutiwa kitu.

Agosti 1846 Krapf na mwenzake Johannes Rebmann walihamia Rabai. Huko ndiko alikopambana na tembo uso kwa uso. Wamijikenda, ambao siku hizo waliitwa Wanyika, huliita uchi, neno ambalo Mswahili wa mjini akilisikia hucheka. Uchi ulikuwa sehemu ya mahari, ukipimwa kwa kadzama. Ulimwagwa chini kwa ajili ya koma, yaani mizimu ya waliotangulia, na wazee walitozana faini kwa huo huo. Krapf aliona ulevi, na katika kitabu chake cha safari kilichotoka London mwaka 1860 aliulaumu bila kificho. Hapana shaka ulevi ulikuwapo. Hata hivyo, ni haki kusema kuwa hakuutazama mnazi kama walivyoutazama wenyeji: kwake ulikuwa kizuizi cha mahubiri, ilhali kwa mzee wa Rabai baraza lisilo na uchi halikuwa baraza. Mavuno yake ya waumini yalikuwa haba mno. Mringe, mlemavu aliyebatizwa 1851, ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza.

Lugha ilimpa mavuno makubwa zaidi. Tangu Juni 1844, kabla ya msiba wake, alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa msaada wa Sheikh Ali bin Muhiddin, Kadhi wa Mombasa. Sura tatu za kwanza zilichapishwa Marekani mwaka 1847. Mtafsiri wa kitabu hicho hukutana na Nuhu aliyepanda mizabibu akalewa, katika nchi isiyo na mzabibu. Kiswahili kilikuwa na tembo, tunda kavu la zabibu kutoka Uarabuni, na mvinyo, neno lililoachwa na Wareno. Divai ilitoka Kifaransa. Kila moja lina nchi yake na mnywaji wake, na mmoja wa waliokuwa wakiulizana hapo alikuwa mwanachuoni wa Kiislamu ambaye vyote vilevyavyo vilikuwa haramu kwake.

Sarufi yake ilichapishwa Tübingen mwaka 1850. Mwaka uliotangulia, tarehe 3 Desemba, alikuwa ameuona Mlima Kenya kutoka Ukambani. Afya ilimrudisha Ulaya 1853. Alikuja tena 1862 kuwasaidia Wamethodisti walioanzisha kituo cha Ribe, na mwaka 1867 alifuatana na jeshi la Waingereza lililokwenda Uhabeshi kama mkalimani. Kisha alitulia Korntal, katika Württemberg ile ile ya mizabibu, akiendelea na kamusi. Alifariki Novemba 1881, akiwa amepiga magoti kando ya kitanda.

Kamusi ilitoka London mwaka 1882. Msingi wake ni Kimvita pamoja na lahaja jirani, na ndani yake wamo mgema, kugema na tembo, wakikaa pamoja na maneno ya ibada na ya biashara bila kubaguliwa. Mwaka 1930 kamati iliyoundwa kusanifisha Kiswahili ilianza kazi yake kwa msingi wa Kiunguja, na maneno mengi ya Mvita yakabaki nje ya vitabu vya shule. Anayeyatafuta leo huanzia kwa Krapf.