Otis Redding: dhahabu iliyokuja mwenyewe keshazikwa

Kijana wa kwetu anayekaa Dubai aliniuliza juzi kama anunue santuri ya dhahabu ya Otis Redding, ile ya kutundika ukutani. Nikamwambia kabla ya bei akae kitako, nimhadithie huyo mtu alikuwa nani.

Otis alizaliwa tarehe 9 Septemba 1941, Dawson, jimbo la Georgia, akakulia Macon. Baba yake akaugua kifua kikuu, na kijana akaacha skuli akiwa na miaka 15 ili nyumbani wale. Alichimba visima, akafanya kazi kituo cha petroli. Kuimba alijifunzia kwaya ya kanisani. Mimi mtoto wa Kiislamu niliyesoma skuli ya misheni, nikisikiliza kwaya ya wenzangu kila asubuhi, ile sauti yake naijua ilikotoka.

Basi mwaka 1962 alikwenda Memphis kama dereva tu. Mpiga gitaa Johnny Jenkins alikuwa na kazi ya kurekodi katika kampuni ya Stax, iliyokuwa ndani ya jengo la sinema ya zamani, na hakuwa na leseni. Kazi ya Jenkins haikwenda vizuri. Muda kidogo ulibaki, dereva akaomba naye ajaribu, akaimba These Arms of Mine. Watu wakanyamaza. Wimbo ule ndio uliomfungulia mlango.

Mwaka 1965 akatoa Respect, alioutunga mwenyewe. Miaka miwili baadaye Aretha Franklin akauimba upya, ukashika namba moja na kupata dhahabu. Otis akabaki mtunzi. Hata hivyo hakuwa mjinga wa biashara: alikuwa na kampuni yake ya kumiliki tungo, na shamba kubwa huko Round Oak alikokaa na mkewe Zelma na watoto.

Mwaka 1967 uliokuwa wa neema ndio uliommaliza. Juni aliimba tamasha la Monterey mbele ya vijana wa kizungu, ambao wengi hawakumjua, wakachanganyikiwa. Baadaye, akikaa kwenye nyumba inayoelea majini karibu na San Francisco, akaanza kutunga wimbo wa mtu aliyekaa gatini akitazama meli. Sisi watu wa pwani hilo halihitaji tafsiri. Akapasuliwa koo, akapona, akaumalizia na mpiga gitaa Steve Cropper. Mwishoni akapiga mbinja.

Siku chache tu baadaye, Jumapili tarehe 10 Desemba, ndege yake ndogo ilianguka katika ziwa Monona, karibu na Madison, Wisconsin. Walikufa saba, wakiwemo wanamuziki wanne wa Bar-Kays, vijana wadogo mno. Aliyeokoka ni mpiga tarumbeta Ben Cauley peke yake, aliyeshikilia mto wa kiti kwenye maji ya baridi kali. Otis alikuwa na miaka 26.

Wimbo wa gatini ukatoka Januari 1968, Machi ukashika namba moja, ukauza zaidi ya nakala milioni. Santuri ya dhahabu ikaja, mwenyewe keshazikwa shambani kwake. Mwaka huohuo Stax wakagundua kuwa kanda zao za asili ni mali ya Atlantic, kwa mkataba ambao mwenye kampuni aliutia sahihi bila kuusoma vizuri. Wanafunzi wangu wanakumbuka nilivyokuwa nikiwapigia kelele juu ya kusoma kabla ya kuandika jina.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Chama cha makampuni ya santuri Marekani kilianza kutoa tuzo hizi mwaka 1958, na singo ilihitaji kuuza milioni. Za miaka ile ya Otis huwa na karatasi nyeupe nyuma ya kioo, na kibao kidogo chenye jina la aliyepewa. Santuri iliyomo ndani huenda ikawa ya wimbo mwengine kabisa, usishtuke. Lakini mtu akikuletea tuzo ya chama hicho ya wimbo wa Motown wa 1965, kimbia: wakati ule Motown hawakukubali chama kikague vitabu vyao, wakitengeneza za kwao wenyewe.

Kijana kaniuliza kibao chake kiwe na jina la nani. Nikamwambia kwanza asome, kisha anipigie simu.