Winsor McCay, mchoraji aliyeonyesha ajali isiyokuwa na kamera

Mtu wa Nguba anayengojea boti ya kutoka Goma anajua jambo moja: boti ikizama usiku katika ziwa Kivu, kinachobaki ni maneno ya waliopona, na kila mmoja aliona upande wake. Winsor McCay, mchoraji wa Marekani, alitumia karibu miaka 2 kutafuta namna ya kuweka pande hizo katika filamu moja.

Alianzia kwenye magazeti. Tangu 1905 alikuwa anachora Little Nemo, mtoto anayeota kila usiku. Wachoraji wengi walipanga visanduku vya katuni sawa na matofali, vyote kipimo kimoja. McCay hapana. Kitanda cha Nemo kilipoota miguu mirefu na kutembea mjini, mwaka wa 1908, visanduku navyo vilirefuka pamoja nacho.

Mwaka wa 1914 akamleta Gertie, dinosaria aliyechorwa, huku McCay mwenyewe akisimama kando ya pazia la sinema na kumuamuru. Watu walifurahi sana. Lakini jicho la mtazamaji lilikaa karibu muda wote paka pahali pamoja.

Tarehe 7 Mei 1915 nyambizi ya Wajerumani ilipiga meli ya abiria Lusitania karibu na Ireland. Ilizama kwa dakika 18 na watu karibu 1,200 wakafa. Hakuna kamera iliyoona. McCay alikasirika, lakini patroni wake, William Randolph Hearst mwenye magazeti, hakutaka Marekani iingie vitani. Basi McCay akaifanya filamu kwa feza zake mwenyewe: michoro 25,000.

Ilitoka 1918. Kwanza unaona meli kwa mbali, imetulia. Halafu uko karibu na nyambizi. Halafu watu wanateremka kwa kamba, wadogo sawa na sisimizi. Kisha vichwa juu ya maji. Mwishowe mama mmoja peke yake, anamuinua mtoto wake juu ya mawimbi mpaka wote wawili wanazama. Jicho linahama kama linavyohama kutoka kisanduku kimoja kwenda kingine. Ilikuwa propaganda pia, tusifiche: chuki kwa Wajerumani imeandikwa wazi mwishoni.

Hearst alimtaka abaki na katuni za siasa gazetini, na baada ya 1921 filamu zake zikakoma. Alikufa mwaka wa 1934. Lusitania yake iliingizwa 2017 katika orodha ya filamu ambazo taifa la Marekani linazihifadhi.