Ajayi arudi kwao: maisha ya Askofu Samuel Crowther

Katika parokia zetu za mashariki jina la Apolo Kivebulaya linajulikana vizuri. Alitoka Uganda akaleta Injili Boga mwaka 1896. Miaka 50 kabla yake, upande wa magharibi wa Afrika, kulikuwa Mwafrika mwingine aliyetumwa kuhubiri. Tofauti yao ni hii: Apolo alikwenda kwa watu wasiokuwa wa kwao, lakini huyu wa magharibi alitumwa kwa watu waliomzaa, walioamini kwamba amekwisha kufa. Jina lake ni Ajayi. Ulimwengu unamjua kama Samuel Ajayi Crowther, Mwafrika wa kwanza kuwekwa askofu katika Kanisa la Anglikana.

Alizaliwa karibu mwaka 1807 katika mji wa Osogun, inchi ya Wayoruba, ambayo leo ni sehemu ya Nigeria. Baba yake alikuwa mfumaji wa nguo. Mama yake aliitwa Afala. Mji wenyewe haukuwa mdogo; yeye mwenyewe baadaye alikadiria watu 12,000, nao ulizungukwa na boma lenye milango sita. Siku moja ya mwaka 1821, asubuhi, wakati chakula kilikuwa bado jikoni, washambulizi walifika. Ufalme wa Oyo ulikuwa unabomoka siku zile, na vikundi vya wapiganaji vilizunguka vikitafuta watu wa kuuza. Baba alikimbilia nyumbani kuwaonya jamaa yake, kisha akarudi kupigana. Ajayi hakumwona tena.

Mama alikimbia na watoto, mdogo kabisa akiwa na miezi kumi tu. Msituni walishikwa. Wakafungwa kamba shingoni, mmoja nyuma ya mwingine, na walipotazama nyuma waliona mji wao unawaka moto. Wasomaji wengine wa ukurasa huu hawahitaji kuelezwa jambo hilo.

Yaliyofuata yalimgeuza mtoto kuwa bidhaa. Walipogawanywa, Ajayi na dada yake mmoja walipewa mkubwa mmoja wa vita, mama na yule mtoto mchanga wakapewa wengine. Mkubwa yule alimbadilisha Ajayi kwa farasi. Farasi hakumpendeza, kwa hiyo baada ya muda akamrudisha na kumchukua tena kijana wake. Katika mji wa Dada, Ajayi alikutana na mama yake, na kwa miezi mitatu aliweza kwenda kumwona. Halafu jioni moja akafungwa na kupelekwa mbali bila kuaga. Toka hapo aliuzwa mara nyingine na nyingine, kwa tumbako na pombe. Usiku mmoja alichukua mshipi wake akitaka kujinyonga, lakini nguvu za kukaza kitanzi hazikupatikana. Alikuwa na miaka kama 14.

Mwezi wa nne mwaka 1822, huko Lagos, alipakizwa pamoja na watu wengine 187 hivi katika meli ya Wareno. Haikufika mbali. Serikali ya Uingereza ilikuwa imekataza biashara ya watumwa, na meli zake za vita zilikuwa zinalinda pwani. Meli ya Wareno ilikamatwa mara moja, na Ajayi akahamishiwa katika meli ya vita iitwayo Myrmidon, iliyoongozwa na Kapteni Leeke. Vijana hawa hawakujua kwamba wameokolewa. Walipoona vipande vya nyama vimetundikwa na risasi za mzinga zimepangwa, walidhani ni nyama na vichwa vya wenzao. Ni baada ya kuona kwato za nguruwe tu ndipo moyo ulipotulia kidogo.

Walishushwa Freetown, Sierra Leone, mji ambao Waingereza walikuwa wanawaweka watu waliokombolewa. Kule wamisionere walikuwa na shule. Ajayi alijifunza kusoma haraka sana, na pia useremala. Tarehe 11 Desemba 1825 alibatizwa, akapewa jina la Samuel Crowther, jina la mchungaji mmoja wa London. Mwaka 1827 akawa kati ya wanafunzi wa kwanza wa chuo cha Fourah Bay. Alioa Asano, binti wa Kiyoruba ambaye naye aliokolewa kutoka meli ya watumwa; kwa ubatizo aliitwa Susan. Akawa mwalimu wa shule. Angeweza kumaliza maisha yake hapo, na watu wangesema Mungu alimtendea mema.

Lakini kulikuwa na wengine waliotaka kurudi kwao. Tangu mwaka 1839, Wayoruba waliokombolewa walianza kuchanga fedha, wakakodi na hata kununua meli, wakasafiri kurudi pwani ya Badagry. Wengi wao walipanda hadi Abeokuta. Mji huo ulianzishwa karibu mwaka 1830 na wakimbizi wa kabila la Egba, waliojificha chini ya jiwe kubwa la Olumo. Jina lake maana yake ni chini ya jiwe. Watu wa vijiji zaidi ya mia vilivyochomwa walijenga pale, kila kikundi kikitunza jina la kijiji chake cha zamani. Hao waliorudi ndio walioomba kanisa liwatumie wahubiri. Mimi naona ni vema tulikumbuke: misheni ya Wayoruba haikuanzia katika ofisi ya London. Ilianza kwa waamini waliorudi kwao wakakosa mchungaji.

Mwaka 1841 Crowther alisindikiza safari kubwa ya Waingereza katika mto Niger. Homa iliua Wazungu karibu 40, na wakuu wa misheni wakafahamu kwamba kazi hii itahitaji Waafrika. Crowther akaitwa Uingereza, na mwaka 1843 Askofu wa London akamweka kuwa mchungaji. Mwaka huo huo kitabu chake cha maneno ya Kiyoruba kilichapwa. Mwishoni mwa 1844 aliondoka Freetown pamoja na Susan na watoto wao, na wamisionere wawili, Henry Townsend na Charles Gollmer. Mkewe Gollmer alikufa muda mfupi baada ya kufika Badagry. Mkuu wa Abeokuta, Sodeke, aliyewakaribisha, naye akafariki. Njia zikafungwa na vita, wakangoja pwani mwaka mmoja na nusu, wakihubiri na kufundisha. Kwa mtu anayejua kwamba jamaa yake wako mwendo wa siku chache tu mbele, kungoja huko hakukuwa jambo dogo.

Walifika Abeokuta mwanzoni mwa mwezi wa nane, 1846. Osogun yenyewe ilikuwa imeteketezwa miaka 25 nyuma; nyumba ya utoto wake haikuwepo ya kurudia. Lakini habari zilitembea, kama zinavyotembea sokoni. Mtu fulani alikuwa amefika, Mwafrika mwenye nguo za Kizungu, naye alikuwa mtoto wa Osogun.

Tarehe 21 Agosti mama yake alifika. Alikuwa akiishi katika kijiji cha Abaka, karibu na mji ule, na alikuja na ndugu mmoja wa Ajayi. Alipomwona alitetemeka. Hakuamini macho yake. Walishikana mikono, wakatazamana kimya, machozi yakitiririka kwenye mashavu ya mama. Watu wakajaa. Mama alianza kumwita kwa majina ya utoto, yale ambayo bibi yake alizoea kumwita. Hawakuweza kusema mengi. Walikaa tu, wakitazamana kila mara. Mama alikuwa amekata tamaa kabisa ya kumwona. Dada zake nao walikuwa hai, wamekwisha kuwa na watoto. Kalenda ya Kikristo aliyokuwa nayo ilikuwa na somo la siku hiyo kutoka Zaburi ya 10, kuhusu Mungu anayemsaidia yatima. Aliandika hayo yote katika taarifa yake kwa misheni, kwa utulivu, kama mtu anayeogopa kuongeza neno.

Ningependa kukaa hapa kidogo, kwa sababu mara nyingi tunasimulia habari hii kama mwisho wa hadithi. Kwa Afala ulikuwa mwanzo wa maswali. Mtoto aliyepotea amerudi, lakini amerudi na jina geni, na mke asiyemjua, na kitabu, na anakataa sadaka za mababu. Kwa desturi yake, furaha kama ile ilidai sadaka ya shukrani kwa miungu ya jamaa. Mtoto hakumlazimisha mama. Mama alikaa kwake, akasikiliza mahubiri kwa lugha yake mwenyewe, akafundishwa na wengine katika darasa la ubatizo. Mwaka mmoja na nusu ukapita. Tarehe 5 Februari 1848 alibatizwa, kati ya watu wa kwanza wa Abeokuta, akaitwa Hannah. Kila mtu anayesoma Biblia anajua Hannah alikuwa mama wa nani. Aliishi akawa mzee sana, akafariki mwaka 1883.

Kazi ya Biblia ilianza hapo kwa nguvu. Crowther alikuwa Myoruba, lakini aliondoka akiwa kijana, na aliona lugha yake ina mashimo. Basi aliketi na wazee, akasikiliza mithali na maneno ya waabudu wa zamani, hata ya Waislamu. Neno la Kiyoruba kwa kuhani alilichukua kutoka kwao. Yeye, aliyetekwa na wapiganaji ambao kati yao walikuwa Waislamu, hakupenda mabishano nao. Aliona inatosha kusoma Maandiko kwa upole na kujibu maswali. Barua kwa Waroma ilitoka mwaka 1850. Wengine walisaidia, kama Thomas King, na Biblia nzima ilikamilika miaka ya 1880.

Mwaka 1864, tarehe 29 Juni, aliwekwa askofu katika kanisa kuu la Canterbury. Kapteni Leeke, sasa mzee, alikuwepo. Henry Venn, katibu wa misheni, aliamini kwamba kanisa la Afrika lazima lisimame juu ya miguu yake. Lakini Townsend, yule mwenzake wa Abeokuta, alikuwa amewaandikia wakuu barua za kupinga Wazungu wawekwe chini ya askofu mweusi. Basi Crowther alipewa mto Niger, kwa Waigbo, Wanupe na Waijo, ambao lugha zao hakuzijua. Abeokuta, mji wa mama yake, ukabaki nje ya mamlaka yake. Alirudi kwao kisha akatolewa tena, safari hii na kanisa.

Hakulalamika. Alizunguka mto ule kwa meli za wafanyabiashara karibu miaka 27, akifungua vituo na shule, akitegemea wahubiri kutoka Sierra Leone. Wengine wao walifanya vizuri, wengine waliaibisha Injili kwa biashara na ulevi. Hilo ni kweli na si vema kulificha. Ila namna lilivyotengenezwa ilikuwa mbaya kuliko kosa. Mwaka 1890 wamisionere vijana kutoka Uingereza, wenye umri wa wajukuu zake, walimshitaki mbele ya kamati huko Onitsha, wakawasimamisha wachungaji wake, hata mtoto wake, Arkidiakono Dandeson. Mzee aliyepita miaka 80 akajiuzulu katika kamati ile. Tarehe 31 Desemba 1891 alifariki Lagos, na nafasi yake wakamweka Mwingereza.

Dandeson na makanisa ya mdomo wa mto walikataa. Mwaka 1892 walianza kujitegemea, wakilipa wachungaji wao kwa sadaka zao wenyewe, bila kuacha kanisa. Na mwaka 2014, katika Canterbury ile ile, Askofu Mkuu Justin Welby aliomba msamaha mbele ya watu kwa jinsi Crowther alivyotendewa. Ilikuwa miaka 150 tangu Ajayi alipopiga magoti mahali pale.