Takahashi Korekiyo, Mlinzi wa Hazina

Mwaka 1854 alizaliwa mtoto mwanamume katika mji wa Edo, ambao siku hizi huitwa Tokyo, mji mkuu wa Japani. Baba yake alikuwa mchora picha, na mama yake mtumishi wa nyumbani, hawakuoana. Mtoto akapewa askari wa cheo cha chini, wa jamaa ya Takahashi, naye akamlea kama mwanawe.

Alipopata miaka 13 alipelekwa Marekani kujifunza. Huko akatia sahihi karatasi asiyoielewa, kumbe ni mkataba wa kumfunga katika utumishi. Akarudi kwao mwaka 1868. Hata alipokuwa mtu mzima alikwenda Peru kuchimba madini ya fedha, akakuta mgodi umekwisha zamani. Labda hasara hizo ndizo zilizomfundisha kuzichungua hesabu.

Miaka ya 1904 na 1905 Japani ilipigana na Urusi. Takahashi akatumwa London na New York kukopa fedha za vita, akazipata. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kumwita adui wa jeshi.

Mwaka 1921 waziri mkuu Hara Takashi alichomwa kisu akafa, na Takahashi akashika mahali pake kwa miezi michache. Mwaka 1932 waziri mkuu mwingine, Inukai, aliuawa na maofisa vijana wa jeshi la majini. Serikali ikawa dhaifu sana. Waziri wa vita sharti awe jemadari, na majemadari wakikataa kumtoa mtu, baraza zima huanguka. Tena jeshi lenyewe lilikuwa na vikundi viwili vilivyochukiana. Kimoja kilitaka kuwaondoa mawaziri kwa upanga, ili mfalme atawale mwenyewe. Cha pili kilitaka viwanda na watu wote watayarishwe kwa vita kubwa. Lakini vyote viwili vilitaka fedha zaidi.

Takahashi, sasa waziri wa fedha, alikuwa amekopa na kutumia sana wakati biashara ilipoharibika, ili watu wapate kazi. Kazi zilipopatikana akaona yafaa kufunga mkono, bei zisije zikapanda. Basi mwishoni mwa mwaka 1935, naye mzee wa miaka 81, aliwakatalia wakuu wa jeshi barazani.

Alfajiri ya tarehe 26 Februari 1936, theluji ikiwa imefunika mji, askari wapata 1,500 waliasi. Wengine wakaingia nyumbani kwake, wakapanda ghorofani, wakamkuta amelala, wakampiga risasi na kumkata kwa panga. Mfalme Hirohito akakasirika, akaamuru waasi watiishwe, na tarehe 29 wakasalimu amri.

Kikundi cha kwanza kikavunjika, lakini cha pili kikaongezeka nguvu. Mwezi wa Mei sheria ikakazwa, waziri wa vita awe jemadari aliye kazini, wala si mstaafu. Waziri mpya wa fedha akawapa wanajeshi walichotaka, na Julai 1937 vita na Uchina vikaanza.

Nyumba ya Takahashi imehifadhiwa katika makumbusho mjini Tokyo, na wageni hupanda ngazi mpaka chumba kile cha juu.